Majibu kwa jirani zangu wa Bel-Air juu ya chuo kikuu cha serikali

Jumapili moja mchana tulikuwa tumekaa chini ya mwembe katika lupango (kiwanja) ya jirani yangu, hapa Bel-Air, komine ya Kampemba, mjini Lubumbashi. Binti yake wa pili akatoka ndani ameshika bordereau ya benki, ile karatasi ndogo yenye muhuri, akamwonyesha mama yake. Sehemu ya kwanza ya ada imeingia, ya pili bado, na bila hiyo ya pili jina lake halitakuwamo kwenye orodha ya watakaofanya mitihani. Mama aliipokea karatasi kwa ncha za vidole, maana alikuwa amekwisha rudi kwenye kazi yake na mikono ilikuwa myeusi. Ananunua gunia la makala, yaani makaa, analigawa mafungu madogo, anauza kando ya barabara. Akaikunja bordereau mara nne, akaitia ndani ya Biblia, akarudi kwenye mafungu yake.

Sisi wanaume tuliobaki kivulini tukaanza kusema juu ya chuo kikuu. Kila mmoja alikuwa na neno lake, na kila neno lilisemwa kwa uhakika mkubwa. Siku ile sikujibu mengi. Lakini maneno hayohayo nimeyasikia tena ndani ya basi la kwenda Kasapa, kwenye kampasi ya chuo, kwenye matanga, kwenye foleni ya maji, na naona yanatuumiza. Yanamfanya mama yule aonekane mjinga kwa kulipa, na binti yake aonekane mzigo kwa kusoma. Ninayajibu hapa kwa heshima, kwa sababu walioyasema ni watu ninaokula nao bukari sahani moja.

"Wanafunzi wamezidi, ndiyo maana chuo kimekufa."

Hili ndilo lililoanza, na ndilo lenye wafuasi wengi. Kwamba kumbi zimejaa, hakuna anayebisha. Kijana mmoja wa mtaa huu, anayesoma katika chuo cha serikali hapa mjini, alinieleza asubuhi yake. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, anapanda basi mpaka mjini, anabadilisha la pili, na akifika anakuta viti vimekwisha wekewa madaftari na wenzake wanaolala karibu. Siku hiyo atasikiliza akiwa amesimama dirishani, akiandika juu ya mgongo wa rafiki yake. Umeme ukikatika, kipaza sauti nacho kimezimika, na walio nyuma wanaona midomo ya mwalimu inatembea tu. Jioni wananakili kwa aliyekaa mbele.

Tatizo la neno hili liko kwenye hesabu. Tarehe 30 Juni 1960, nchi hii kubwa ilipopata uhuru, Wakongomani waliokuwa wamemaliza chuo kikuu hawakufika thelathini. Leo, kwa hesabu za UNESCO, walioandikishwa katika elimu ya juu Kongo hawafiki 10 kwa kila vijana 100 wa umri huo, wakati wastani wa dunia ni kama 40. Nchi ambayo vijana zaidi ya 90 kati ya 100 wako nje ya chuo haiwezi kusema wanafunzi wamezidi. Waliozidi ni wanafunzi kwa kila kiti, kwa kila mwalimu, kwa kila hadubini ya maabara. Lawama hiyo apewe aliyepaswa kuongeza viti, mtoto aliyekuja kusoma hana kosa.

Kuna jambo jingine ambalo jirani zangu hawalioni, kwa sababu halipiti barabarani. Ni namna chuo cha serikali kinavyopata chakula chake. Serikali inalipa mishahara ya wale iliowaingiza kwenye orodha yake ya malipo. Pesa ya uendeshaji, ile ya karatasi, taa, maji, dawa za maabara na matengenezo ya paa, ni kidogo na haina siku maalumu ya kufika. Pengo lote linajazwa na ada za wanafunzi. Hata ile posho ya ndani ambayo wafanyakazi huiita prime locale inatoka humo. Sasa mweke mkuu wa kitivo mbele ya barua 2,000 za maombi, naye ana nafasi 600. Akikataa wale 1,400, amekata prime ya wenzake, mafuta ya jenereta na karatasi za mitihani kwa mkono wake mwenyewe. Atawapokea. Mimi nami ningewapokea. Ndivyo msongamano unavyozaliwa, na kamwe hautakwisha kwa kuwagombeza vijana.

Wenzetu wamepita njia hii mbele yetu, na inafaa tuwatazame. Makerere, kule Kampala, ilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na baada ya miaka michache wakawa wengi kuliko waliolipiwa na serikali. Mahmood Mamdani alikichunguza kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 2007, Scholars in the Marketplace, akaonyesha jinsi vitivo vilivyoanza kugombania wanafunzi na kubuni kozi kwa sababu tu zinauzika. Kenya nayo iliacha vyuo vyake vya umma viishi kwa programu za kujilipia kwa miaka mingi. Mwaka 2016 wizara ikabana wizi wa mitihani ya sekondari, na waliopata alama ya C+ na zaidi, ile inayofungua mlango wa chuo, wakashuka kutoka zaidi ya 160,000 mwaka 2015 hadi chini ya 90,000. Nafasi zilizolipiwa na serikali zikawatosha karibu wote. Waliokuwa wakijilipia wakatoweka, vyuo vikabaki na majengo nusu na madeni. Mwaka 2023 serikali ya Nairobi ikaleta mfumo mpya wa kugawa wanafunzi kwa kipato cha familia zao, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo unakwenda kinyume cha katiba. Chuo kinachoishi kwa idadi ya vichwa kinaumia vichwa vikiwa vingi, na kinaumia zaidi vikipungua.

"Chuo cha serikali, serikali ndiyo inakilipa, wazazi wanalia bure."

Aliyesema hili hana mtoto chuoni. Nimhesabie. Kuna minerval, ile ada ya msingi, ambayo ni ndogo. Kuna ada ya masomo, ambayo si ndogo, na kwa kuwa hesabu yake inafuata dola, frank ikianguka inapanda hata kama hakuna aliyetangaza kupandisha. Kuna malipo ya kujiandikisha kwa kila sesheni ya mitihani, wanafunzi huyaita enrôlement. Kuna silabasi za kununua. Kuna nauli, na kutoka Bel-Air ni magari mawili kwenda na mawili kurudi, siku sita kwa wiki. Kuna kuchapisha kazi ya mwisho wa masomo na kulipia siku ya kuitetea. Na kama mtoto ametoka mbali, Pweto au Mitwaba, kuna chumba cha kupanga, kwa sababu vyumba vya Kasapa havitoshi hata robo ya wanaovihitaji.

Tanzania ilitunga sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu mwaka 2004. Ina kasoro zake, na Watanzania wenyewe wanazilalamikia kila mwaka majina yanapotoka, lakini mtoto wa mkulima wa Sumbawanga ana ofisi ya kupeleka maombi yake. Kwetu kazi ya ofisi hiyo inafanywa na gunia la makala. Januari 2020 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kinshasa waliandamana kwa sababu ya kupanda kwa ada. Ikamwagika damu, masomo yakasimamishwa, na waliokuwa wakilala chuoni wakaamriwa kutoka. Watu hawapigani hivyo kwa kitu cha bure.

"Nchi haina pesa."

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu sisi ni watu wa Katanga na tunajua kuhesabu tani.

Mwaka 1986 Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wake wa Kamoto ukaporomoka, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 kampuni nzima ilikuwa inatoa chini ya tani 50,000 kwa mwaka. Katika miaka ile mtu akisema nchi haina pesa, nilikuwa nakubali. Nyumba nyingi za hapa Bel-Air zilikuwa za wafanyakazi waliokaa miezi na miezi bila mshahara. Mwaka 2023 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 2.5 za shaba, ikaingia katika safu ya mbele kabisa ya nchi zinazotoa shaba duniani, na kwa kobalti hakuna nchi inayotukaribia. Malori yanayoipeleka shaba hiyo mpakani Kasumbalesa tunayaona sote. Vumbi lake tunalifuta mezani.

Sheria ya migodi ilirekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Kampuni inalipa mrabaha wa asilimia 3.5 kwa shaba na asilimia 10 kwa kobalti. Pesa hiyo inagawanywa hivi: nusu inakwenda kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa mkoa, asilimia 15 kwa komine au sekta ambamo mgodi umo, na asilimia 10 kwa mfuko unaoitwa Mfuko wa Migodi kwa ajili ya Vizazi Vijavyo, FOMIN. Zaidi ya hapo kampuni inatoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wakazi wanaozunguka mgodi. Soma mgawanyo huo mara mbili. Hakuna mstari wa chuo kikuu. Wanajiolojia wanaopima mawe yale, wahandisi wanaoyayeyusha, madaktari wanaotibu mapafu ya wachimbaji, wote wanatoka katika taasisi ambayo mgawanyo haukuitaja. Na kizazi kijacho, kama neno hilo lina maana yoyote, ni yule kijana anayeandika juu ya mgongo wa mwenzake.

Nikubali ugumu mmoja. Mwaka 2015 Katanga ya zamani iligawanywa mikoa minne. Migodi mikubwa zaidi sasa imo Lualaba, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) kimo Haut-Katanga. Kwa hiyo sehemu ya mkoa ya pesa za migodi ya Kolwezi, huko Lualaba, haitufikii, na si haki tuidai kana kwamba bado tuko lupango moja. Lakini mgodi wa Ruashi uko hapahapa mjini, wa Kipushi uko kilomita 30, na ile nusu ya serikali kuu ni ya wote. Tena UNILU inafundisha watoto wa Lualaba, wa Tanganyika na wa Haut-Lomami kama inavyofundisha wa kwetu. Magavana wanne wanaweza kukaa meza moja juu ya jambo hili.

Kuna wanaosema elimu ya bure ya msingi ndiyo iliyomaliza pesa. Katiba ya 2006 iliahidi shule ya msingi ya bure, na Septemba 2019 ahadi ikaanza kutimizwa. Juni 2020 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 800 kwa ajili hiyo. Nilifurahi, na bado nafurahi. Ila tukumbuke kwamba benki hiyohiyo, katika ripoti yake ya mwaka 1988 juu ya elimu ya Afrika, ndiyo iliyozishauri serikali zetu zihamishie gharama za chuo mabegani mwa familia. Shule ya msingi na chuo kikuu havikupaswa kunyang'anyana sahani. Mwalimu wa shule ya msingi anafundishwa na nani, kama si na waliofundishwa chuoni?

"Maprofesa ndio wanaokula pesa."

Wapo. Sitawatetea. Mwalimu anayelazimisha silabasi yake inunuliwe ndipo mtu afaulu ni mwizi. Anayemwomba binti mwili wake ili ampe pointi anastahili kufukuzwa na kupelekwa mahakamani, na hakuna njaa inayoweza kuwa udhuru wake. Wazazi wa Bel-Air wanaonyamaza ili "mtoto amalize tu" nawaomba wasinyamaze.

Lakini jirani zangu hawajui herufi mbilimbili ambazo kila mfanyakazi wa chuo anazijua: NU na NP. Nouvelles unités ni wale walioajiriwa bila kuingizwa katika orodha ya malipo ya serikali, na non payés jina lake linajieleza lenyewe. Mtu ana barua ya uteuzi, ana kozi, anasahihisha mitihani ya watu mia nne, na serikali haimlipi hata frank moja, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Anaishi kwa ile prime inayotoka kwenye ada. Jumamosi anapanda basi kwenda Kolwezi, kilomita 300 hivi, kufundisha kwingine, na Jumatatu anarudi amechoka. Utafiti ataufanya saa ngapi? Thesis ya udaktari ataiandika lini? Ukimwita mwizi kwa sababu ya mwenzake mmoja mwenye gari jipya, umemdhulumu mtu anayekusaidia kwa bei ndogo kuliko ya mpishi.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyote viliamriwa kuingia mfumo wa LMD, wa licence miaka mitatu badala ya ule wa graduat mitatu na licence miwili. Mfumo huu unataka mwanafunzi afanye kazi nyingi peke yake, maktabani na kwenye intaneti, na mwalimu amfuate kwa karibu. Ni mpango mzuri. Umeletwa bila vitabu, bila intaneti ya kutosha, na kwa walimu walewale.

"Basi tupeleke watoto vyuo vya binafsi."

Mwenye uwezo apeleke. Lubumbashi ina vyuo vya binafsi vya heshima: cha Waprotestanti, cha Wasalesiani wa Don Bosco, Nouveaux Horizons na vingine. Mpwa wangu amesoma mojawapo, naye anajua kazi yake. Lakini mama wa makala hawezi, na katika mtaa huu walio kama yeye ni wengi kuliko walio kama mimi. Halafu tazameni ni nani anayefundisha huko. Sehemu kubwa ya walimu walipata shahada zao chuo cha serikali, na wengine bado wanafundisha pande zote mbili. Kisima kikikauka, ndoo za jirani nazo zitakauka.

"Zamani, wakati wa Wabelgiji na wakati wa UNAZA, chuo kilikuwa chuo."

Mzee aliyesema hili nampenda sana, na alikuwa na machozi. Alisoma hapo. Alikula kwenye mkahawa wa chuo, alikuwa na chumba, alipokea bursari. Sitamwambia kwamba kumbukumbu yake ni ya uongo. Nataka tu tukumbuke pamoja naye kwa ukamilifu.

Chuo Rasmi cha Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi kilianza kufundisha hapa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1956, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wengi wao Wazungu. Weusi walihesabika. Kwa hiyo "wakati wa Wabelgiji" baba yake mzee huyu asingeweza hata kuota kiti humo. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliviunganisha vyuo vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani vikawa kimoja, UNAZA, na Lubumbashi ikapewa kitivo cha fasihi na cha sayansi ya jamii. Ndipo wakafundisha hapa watu kama mwanafalsafa V. Y. Mudimbe, ambaye dunia nzima inamsoma. Mwaka 1981 vikatenganishwa tena, na UNILU ikapata jina lake la sasa.

Chuo kile kilikuwa kizuri kwa sababu moja ambayo mzee aliitaja bila kuigundua: kuna mtu aliyelipa, na mtu huyo hakuwa mama yake. Bursari, chakula na chumba vilitoka katika hazina ya nchi, na hazina ile ilijazwa na shaba ya Gécamines. Shaba ilipoporomoka, meza ya mkahawa ikaporomoka nayo. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei 1990 askari wa Mobutu waliingia chuoni wakaua wanafunzi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Ubelgiji ikasimamisha misaada yake, na nchi nyingine zikafuata. Kisha 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai wakafukuzwa Katanga kwa maelfu, na miongoni mwao walikuwamo walimu wengi wa shule na wa vyuo. Huo ulikuwa mfululizo wa majeraha, na katika kila jeraha kuna uamuzi wa mtu. Tusiseme kwamba chuo kilizeeka chenyewe.

Kama shaba ya tani 470,000 ilitosha kumlisha mzee chuoni, aniambie ya leo inakwama wapi.

"Diploma haina kazi. Mtoto aende mgodini, au afanye biashara."

Biashara ni heshima, na wachimbaji wadogo wanalisha familia nyingi. Sitajibu kwa kusema kila mwenye shahada anapata kazi. Hapati. Najua vijana wenye licence wanaouza vocha za simu.

Nitajibu kwa mkataba mmoja. Mwaka 2008 serikali yetu ilitia sahihi makubaliano ya Sicomines na kampuni za China: madini kwa miundombinu, na miundombinu, makubaliano yaliporekebishwa mwaka 2009, ikabaki ya dola bilioni 3. Mwaka 2023 wakaguzi wa serikali wa IGF walitoa ripoti yao wakasema kilichofika ni dola milioni 822. Mwaka 2024 makubaliano yakajadiliwa upya na kiasi kikapandishwa hadi bilioni 7. Kati ya 2008 na 2024 ni miaka kumi na sita. Jiulizeni walihitajika watu wa namna gani kuisoma karatasi ile kurasa zote, kupima mwamba, kukadiria bei ya kobalti, kuhesabu riba, na kugundua kilichopungua. Mwanasheria, mwanajiolojia, mchumi, mhasibu. Chuo kikitoa watu hawa wakiwa dhaifu, hasara yake haitapimwa kwa mshahara wa kijana mmoja asiye na kazi. Itapimwa kwa barabara ambazo hazikujengwa.

Neno la mwisho lilisemwa wakati watu wanainuka kwenda zao: "Hayo ni mambo ya Kinshasa, sisi tungoje." Hili ndilo ninaloliogopa kuliko yote.

Kinshasa ina wajibu mkubwa, na maprofesa wanaoudai kwa migomo wana haki. Lakini katiba, katika kifungu cha 203, imeweka uanzishaji wa vyuo vya elimu ya juu kati ya mambo ambayo taifa na mikoa wanayashika pamoja. Gavana wetu na wabunge wa mkoa hawawezi kusema hayawahusu. Wanapokea asilimia 25 ya mrabaha wa migodi ya mkoa huu. Bajeti ya mkoa inapitishwa na bunge la mkoa kwa edikti, yaani sheria ya mkoa, kila mwaka, hapahapa Lubumbashi, na edikti inaweza kuwa na mstari unaosema: kiasi hiki, kwa viti na maabara za vyuo vya serikali vilivyomo mkoani, na kiasi hiki kwa bursari za watoto wa familia zisizo na uwezo. Mstari huo ukiwepo, tutaweza kuuliza pesa imekwenda wapi. Usipokuwepo, hatuna hata cha kuuliza.

Na muda si mwingi. Watoto waliokuwa darasa la sita mwaka ule wa kwanza wa elimu ya bure, 2019-2020, wanafika mwisho wa sekondari mwaka 2026. Waliofunguliwa mlango wa darasa la kwanza Septemba 2019, wakienda bila kurudia mwaka, watakuwa na diploma ya serikali mkononi mwaka 2031. Ni wengi kuliko kundi lolote lililowahi kubisha hodi Kasapa. Tuliwaita shuleni sisi wenyewe.

Ninawaomba majirani wa Bel-Air I na Bel-Air II, kabla bajeti ya mkoa ya mwaka kesho haijapigiwa kura, tukamtembelee mbunge wetu wa mkoa. Tusiende kwa kelele. Twende wazazi, tukiwa na bordereau zetu, tumwonyeshe tulicholipa mwaka huu, kisha tumuulize mkoa umelipa nini. Mama wa makala amekubali kuja. Ya kwake iko ndani ya Biblia.